Kujitolea katika Mji Mdogo: Namna ya Kuanza, Kudumu na Kukabidhi

Katika jiji kubwa mtu anaweza kujitolea Jumamosi moja, akatoweka, na asiulizwe na yeyote. Katika mji mdogo hilo haliwezekani. Aliyeahidi kuleta viti vya mkutano asivilete atakutana na mwenyekiti wa kamati barabarani, zahanatini na langoni pa shule kabla wiki haijaisha, na katika kila salamu viti vile vitakuwepo bila kutajwa. Lakini hali hiyohiyo humsaidia mwenye bidii: aliyefanya kazi moja ndogo na kuimaliza hujulikana upesi, na kazi ya pili huletewa nyumbani. Kwa hiyo yote yatakayoelezwa hapa yanaanzia mahali pamoja, nayo ni kwamba mtaji wa kwanza wa anayejitolea mahali ambapo watu wote wanajuana ni neno lake.

Kujitolea kunakozungumziwa ni kufanya kazi kwa hiari, kwa manufaa ya watu walio nje ya familia yako, bila kulenga malipo. Kurudishiwa nauli au gharama ya vifaa hakuiondolei kazi hiyo sifa yake, na ni vyema kikundi kiseme wazi tangu mwanzo ni gharama zipi kitarudisha, kwa sababu wapo watu wengi wenye moyo na nguvu ambao hukaa pembeni wakidhani kwamba kujitolea ni shughuli ya wenye nafasi.

Kabla ya kuanza

Mwezi wa kwanza usianzishe chochote. Kosa la wageni wengi, na hata la wenyeji waliorejea baada ya kuishi mbali kwa miaka, ni kuingia na suluhisho ambalo tayari wamelipenda. Husemwa “mgeni njoo, mwenyeji apone,” lakini hayo ni maneno ya mwenyeji. Mgeni anayejikaribisha nayo mwenyewe ataambiwa kwa upole kwamba jambo lake lilijaribiwa miaka mitano iliyopita likafa, na hataambiwa ni nani aliyeliua.

Tumia mwezi huo kuhudhuria mikutano miwili au mitatu ya wazi, ukikaa nyuma, na kuzungumza na watu wanaoona mengi kwa sababu ya kazi zao: mwalimu, muuguzi, mtunza maktaba, mlinzi wa ukumbi, kiongozi wa nyumba ya ibada. Waulize maswali matatu. Ni nani anayelishughulikia jambo hili sasa? Ni nini kilichowahi kujaribiwa, na kilikwama wapi? Na ni nani ambaye asiposhirikishwa mapema jambo halitasonga? Swali la tatu watu hulionea haya, wakidhani ni la kisiasa. Liulize hata hivyo. Katika kila mji mdogo yupo mtu asiye na cheo chochote ambaye wengine humtazama kwanza kabla ya kuinua mkono, na kumpuuza kwa kutokujua huhesabiwa sawa na kumpuuza kwa makusudi.

Andika unayoyasikia. Orodha ya vikundi vyote vya mji mdogo, pamoja na jina la anayeshika ufunguo wa kila chumba, kwa kawaida hutosha katika ukurasa mmoja, na ukurasa huo utakusaidia kuliko mpango wowote utakaoutunga ukiwa peke yako. Ukiona kwamba kikundi kinachofanya ulichotaka kufanya kipo tayari, hata kama ni dhaifu, jiunge nacho. Kuanzisha cha pili hugawanya watu walewale wachache, na huacha kinyongo ambacho hudumu kuliko vikundi vyenyewe.

Kazi ya kwanza

Chagua kazi yenye mwanzo na mwisho unaoonekana. “Nitasaidia maktaba” si kazi; kupanga upya rafu za vitabu vya watoto kwa Jumamosi nne ni kazi. Chagua pia, ikiwezekana, jambo ambalo wengine hawaligombei. Kila mtu anataka kuongoza sherehe, lakini ni wachache wanaotaka kuandika muhtasari wa mkutano, kuhesabu viti, kufagia ukumbi baada ya watu kuondoka au kuwapigia simu waliokosa kufika. Kwa maoni yangu ukatibu ndio mlango bora kuliko yote, ingawa hausifiwi na mtu, kwa kuwa katibu hulazimika kusikiliza kila anayezungumza, hujua kila ahadi iliyotolewa, na baada ya miezi michache huelewa kikundi kuliko hata walioanza nacho.

Hesabu saa zako kwa ukweli, kisha utoe nusu yake. Mtu anayeona kwamba ana saa nne kwa wiki aahidi mbili, kwa maana ugonjwa, wageni na uchovu havipigi hodi. Ahadi yenyewe iwe na siku, saa, mahali na ukomo, kwa mfano: “Nitafundisha hisabati kila Jumanne, kuanzia saa kumi hadi saa kumi na moja na nusu jioni, mpaka mwisho wa muhula, siku za mwisho wa juma sitaweza.” Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo ambayo watu husahau kuisema, kisha hulalamika kwamba wanatumiwa kupita kiasi. Siku utakayoshindwa kufika, toa taarifa jana yake na utaje nani atakushikia nafasi.

Usidhani vilevile kwamba ujuzi wa mtu ndio anaotaka kuutoa. Mhasibu aliyeshinda na tarakimu juma zima huenda akafurahi kushika jembe siku ya Jumamosi, na mwalimu aliyechoka na kelele za watoto akapenda kupaka ukuta rangi kimyakimya. Njia ya kujua ni kumwuliza, jambo ambalo kamati nyingi hazilifanyi, zikishajua mtu anajua hesabu humkabidhi daftari la fedha hadi uzeeni.

Watoto, wazee na siri za watu

Kazi zinazohusu watoto, wazee, wagonjwa au watu walio katika dhiki zinahitaji uangalifu wa namna yake, na katika mji mdogo uangalifu huo una kikwazo: watu hujuana tangu utotoni, kwa hiyo kumtaka mtu athibitishe uaminifu wake huonekana kama tusi. Dawa yake ni kuweka utaratibu mmoja kwa wote, kuanzia mwenyekiti. Kila atakayefanya kazi na watoto atoe majina ya watu wawili wanaoweza kumshuhudia, afanyiwe ukaguzi wa kumbukumbu za jinai ikiwa sheria ya nchi inautaka, na asikae peke yake na mtoto mahali pasipoonekana na wengine. Watu wazima wawili wawepo kila wakati, au mlango uachwe wazi. Utaratibu huu humlinda mtoto, na humlinda pia mtu mwema dhidi ya uvumi ambao katika mji mdogo hausafishiki kwa urahisi. Mtoto akisema jambo linaloashiria kwamba anadhuriwa, usimhoji kama askari wala usimwahidi kutunza siri. Msikilize, andika maneno yake kama alivyoyasema, na uyapeleke siku hiyohiyo kwa mtu aliyeteuliwa kupokea taarifa za namna hiyo au kwa mamlaka husika.

Kwa wazee, mipaka muhimu ni ya mali. Anayemtembelea mzee asikope wala kumkopesha, asishike kadi yake ya benki, asitie saini hati yake yoyote na asishuhudie wosia. Akitumwa dukani arudi na risiti na chenji, na vyote viandikwe katika daftari linalobaki nyumbani kwa mzee, ili watoto wake wakija waone.

Kuhusu siri, jambo linalowavunja watu imani mara nyingi hufanyika pasipo nia mbaya. Mtu anayegawa misaada husema tu kwamba amechoka kwa sababu leo alipita kaya kumi upande wa mtoni, na msikilizaji, ambaye anajua kaya zote za upande wa mtoni, hukamilisha majina mwenyewe. Kutotaja jina hakutoshi mahali ambapo maelezo mawili yanamtosha mtu kumtambua mwingine. Kanuni iliyo salama ni kutozungumzia kabisa, hata nyumbani, nani alipokea nini. Na ugawaji wenyewe upangwe ili kuchukua msaada kusionekane tofauti na kuchukua kitu kingine chochote. Nimesikia watu wakisema kwamba mwenye shida ya kweli haoni aibu. Huo si ukweli, na anayeamini hivyo hafai kugawa.

Mikutano na mgawanyo wa kazi

Mwaka 1863 Henry Martyn Robert, mhandisi wa jeshi la Marekani, aliombwa ghafla kuongoza mkutano wa kanisa katika mji wa New Bedford, na kwa kuwa hakujua taratibu za kuendesha mkutano, ulimshinda ukaisha kwa vurugu. Aibu hiyo ilimfanya asome taratibu za mabunge, na mwaka 1876 akachapisha kanuni ambazo hadi leo hutumiwa na vyama vingi. Kikundi cha watu kumi hakihitaji kanuni zote hizo. Kinahitaji ajenda iliyotolewa siku kadhaa kabla, akidi iliyokubaliwa, saa ya kumaliza inayoheshimiwa, na mwenyekiti anayehakikisha kwamba hakuna anayezungumza mara ya pili kabla ya ambaye hajazungumza kupewa nafasi. Muhtasari nao usiwe hotuba zilizonakiliwa, bali uonyeshe maamuzi, na mbele ya kila uamuzi jina la mtekelezaji na tarehe.

Jina ni la lazima. Mfaransa Max Ringelmann, mhandisi wa kilimo, alipima nguvu za watu waliovuta kamba, na katika matokeo aliyoyachapisha mwaka 1913 ilionekana kwamba kadiri wavutaji walivyoongezeka ndivyo mchango wa kila mmoja ulivyopungua, hata wanane walipovuta pamoja kila mtu alitoa takriban nusu ya nguvu alizotoa akiwa peke yake. Sehemu ya upungufu huo hutokana na kutovuta kwa wakati mmoja, na sehemu hutokana na kila mtu kuamini kwamba wengine wanatosha. Uamuzi unaosema “wanakamati watashughulikia usafi wa ukumbi” ni kamba ya watu wanane. Andika kwamba fulani atafungua ukumbi saa moja asubuhi, fulani ataleta mifagio, fulani atafunga.

Kuwaalika wengine

Tangazo la ukutani huwafikia wale ambao tayari walitaka kuja. Wengine huja kwa kuombwa uso kwa uso, kwa jina, jambo mahususi: “Tunahitaji mtu mwenye mwandiko mzuri kuandika vyeti ishirini Alhamisi jioni, nikakufikiria wewe.” Ugumu ni kwamba kila mwanachama huwaomba marafiki zake, na marafiki zake ni walewale marafiki wa wenzake, hata kikundi kikajifunga bila kukusudia na watu wa mtaa wa pili wakakiona kuwa cha familia tatu. Mwaka 1973 mwanasosholojia Mark Granovetter alieleza jambo linalosaidia hapa: aliowahoji kuhusu namna walivyopata kazi wengi wao walikuwa wamepata habari kutoka kwa watu waliofahamiana nao kwa mbali, si kwa marafiki wa karibu, kwa kuwa mtu wa mbali huishi katika mzunguko mwingine wa habari. Basi kila mwanachama amwalike mtu mmoja anayemjua kwa salamu tu. Mpeni kazi siku ileile aliyofika, hata ndogo, kwa sababu mtu aliyesimama pembeni kwa saa mbili akiangalia wenyeji wanavyocheka pamoja hatarudi.

Siku kubwa za usafi au za kupanda miti zina nafasi yake, ilimradi ieleweke kwamba kazi yake hufanyika kabla. Tarehe 3 Mei 2008 watu wapatao 50,000 nchini Estonia walijitokeza na kukusanya takriban tani 10,000 za taka kwa siku moja. Picha zilizosambaa zilionyesha umati, lakini umati huo ulijua pa kwenda kwa sababu maeneo zaidi ya 10,000 yaliyotupwa taka kiholela yalikuwa yamekwisha kutafutwa na kuchorwa kwenye ramani na watu wa kujitolea. Kikundi cha mji mdogo kifanye hivyohivyo kwa kiasi chake: kikague maeneo wiki mbili kabla, kipate ruhusa ya mwenye ardhi, kikubaliane na atakayebeba taka na mahali zitakapomwagwa, kitenge glavu na maji ya kunawa, kisha ndipo kitangaze. Taka zilizorundikwa kando ya barabara zikingoja gari ambalo halikuagizwa huwavunja watu moyo kuliko taka zilizokuwa zimetapakaa. Siku ya Kimataifa ya Kujitolea, ambayo Umoja wa Mataifa uliiweka mwaka 1985 iwe tarehe 5 Desemba, ni nafasi nzuri ya kuwashukuru watu hadharani. Si nafasi nzuri ya kuanzisha jambo, maana wanaojitokeza siku hiyo huonekana tena Desemba ijayo.

Fedha

Hapa ndipo vikundi vingi hufia, tena mara nyingi si kwa wizi bali kwa kukosa maandishi. Mweka hazina mwaminifu asiye na stakabadhi na mwizi mwenye kumbukumbu mbaya huonekana sawa mbele ya mkutano wenye hasira. Michango ihesabiwe na watu wawili wasio ndugu, palepale ilipopokelewa, na wote wawili watie saini kiasi walichokikuta. Fedha ziwekwe katika akaunti yenye jina la kikundi, na kuzitoa kuhitaji saini mbili. Hakuna malipo bila risiti. Pale ambapo risiti haipatikani, aliyelipwa aandike kwa mkono amepokea kiasi gani, kwa kazi gani, tarehe gani. Fedha za kikundi zisichanganywe na za mtu hata kwa usiku mmoja, na zisikopeshwe kwa mwanachama hata akiwa na msiba, kwa kuwa kukataa kwa kanuni iliyoandikwa ni rahisi kuliko kukataa kwa uso.

Kila mwezi taarifa ya ukurasa mmoja isomwe na kubandikwa: tulikuwa na kiasi gani, kimeingia kiasi gani, kimetoka kwa ajili ya nini, kimebaki kiasi gani. Mweka hazina asiyependa kubandika taarifa abadilishwe mapema na kwa heshima.

Wanapokosana

Mji mdogo hauna mlango wa nyuma. Uliyebishana naye jana kwenye kamati atakuuzia kitu leo, na watoto wenu wako darasa moja. Watu hutumia ukweli huo kama sababu ya kunyamaza, na kimya hicho hugeuka makundi. Elinor Ostrom, mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi, mwaka 2009, alichunguza jamii zilizofaulu kutunza kwa vizazi misitu, maeneo ya uvuvi na mifereji ya maji ya pamoja. Alikuta kwamba mara nyingi kanuni ziliwekwa na watumiaji wenyewe, zilisimamiwa na watu walioaminika kwao, adhabu zilianza ndogo na kuongezeka kwa kosa lililorudiwa, na palikuwa na mahali pa karibu, pasipo na gharama, pa kumalizia ugomvi. Kwa kikundi cha kujitolea maana yake ni kuamua, kabla hakujawa na ugomvi wowote, kwamba malalamiko yatapelekwa kwa nani na yatajibiwa ndani ya siku ngapi. Aliyekosa mara ya kwanza aulizwe kulikoni, akiwa peke yake; onyo la mkutanoni liwe hatua ya mbali. Na mambo haya yasijadiliwe katika kundi la simu la wanachama, ambako neno lililoandikwa usiku husomwa asubuhi na watu mia likiwa limeshapoteza sauti yake.

Dharura

Moto, mafuriko au ajali huwakuta watu wa mji mdogo mbali na msaada wa kitaalamu, na wanaofika kwanza huwa ni majirani. Mwezi Juni 1859 Henri Dunant, mfanyabiashara wa Uswisi, aliyakuta maelfu ya majeruhi wa vita vya Solferino yakijaa katika mji mdogo wa Castiglione, kaskazini mwa Italia, na wakazi wakiwahudumia kwa moyo mkubwa lakini bila vifaa vya kutosha wala maandalizi. Pendekezo lake la baadaye, lililozaa Msalaba Mwekundu mwaka 1863, lilikuwa kwamba watu wa kujitolea waandaliwe wakati wa amani. Kikundi chochote kinaweza kuomba mafunzo ya huduma ya kwanza mara moja kwa mwaka na kuwa na orodha ya nani ana gari, nani ana ngazi ndefu, nani anaishi peke yake na hawezi kutembea. Katika tukio lenyewe, asiye na mafunzo asiingie majini wala kwenye jengo linalowaka. Aongoze magari, azuie watu, apokee watoto.

Kupumzika na kukabidhi

Mwenye bidii katika mji mdogo huongezewa kazi mpaka azimie, kwa kuwa wanaoombwa ni walewale wanaokubali. Dalili za uchovu ni kuanza kuwachukia wale unaowasaidia, na kuamini kwamba hakuna mwingine anayeweza. Kwa hiyo kila wadhifa uwe na muda uliotajwa, tuseme miaka miwili, na kila mwenye wadhifa awe na msaidizi anayejifunza tangu mwaka wa kwanza.

Wakati wa kuondoka, kabidhi kwa maandishi na kwa vitu: funguo, daftari la fedha, mihtasari, namba za simu za wanaohusika, neno la siri la akaunti ya kikundi, na karatasi moja inayoeleza mambo yanayofanyika mwezi gani na nini huharibika mara kwa mara. Nendeni pamoja, wewe na mrithi wako, mkatambulishane benki na kwa mtunza ukumbi. Baada ya hapo usihudhurie vikao kwa miezi mitatu ya kwanza. Simu yako iwe wazi kwa maswali yake, na akibadili mpangilio wa viti uliouzoea kwa miaka sita, akikuuliza unauonaje, mwambie kama kuna viti vilivyovunjika stoo ambavyo hajavihesabu.